Idi mbili na ushahidi usiohojiwa

Jumamosi ya Machi 29, 2025, wakati kwetu Afrika Mashariki ni mchana, watu wa Morocco, Ulaya na kaskazini-mashariki mwa Marekani walitazama jua likiliwa upande mmoja. Kilichokuwa kikilila ni mwezi wenyewe, ukipita mbele yake. Saa chache baadaye, jioni ile ile, Saudi Arabia ikatangaza kwamba mwezi wa Shawwal, unaofuata Ramadhani, umeandama na Idi ni Jumapili. Oman, inayopakana nayo, ikasema haujaandama, Idi ni Jumatatu. Misri na Jordan nazo zikasema Jumatatu. Kwetu Tanzania na Kenya sikukuu ya kitaifa ikawa Jumatatu, Machi 31, lakini wapo ndugu zetu walioswali Idi Jumapili, wakala na kunywa mchana huku majirani zao wakingoja futari. Kila mwaka linapotokea jambo hili husikika maneno mawili. La kwanza, kwamba Waislamu wameshindwa kuungana hata katika mwezi wao mtukufu. La pili, kwamba masheikh wetu wako nyuma ya wakati, na darubini moja nzuri ingemaliza mzozo.

Naona maneno yote mawili yanakosea mahali pa kugusa. Kutofautiana siku ya kufunga na kufungua kuna msingi ndani ya fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, tangu zama za masahaba, na hakuna aibu ndani yake. Darubini nayo haikosekani. Mahesabu ya mwezi siku hizi mtu anayapata kwenye simu yake. Kinachotuumiza ni kwamba pande zote mbili tumeacha kazi moja ambayo sheria ilituwekea tangu mwanzo, kazi ya kumhoji shahidi. Anayefuata Makka hapokei ushahidi wa mtu, anapokea tangazo. Na anayefuata tangazo la hapa nyumbani mara nyingi haelezwi mwezi ulionekana wapi, saa ngapi, na walioulizwa waliulizwa nini. Elimu ya falaki, yaani ya mwendo wa jua na mwezi, ingetusaidia hapo tu, kukataa ushahidi usiowezekana, na hilo peke yake lingetosha kupunguza sehemu kubwa ya mgawanyiko wetu.

Mwambao huu una sababu ya pekee ya kulijali suala hili. Waswahili wameijenga kalenda yao yote juu ya Ramadhani. Shawwal kwetu ni Mfunguo Mosi, Dhulkaada ni Mfunguo Pili, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, na Muharram, mwezi unaofungua mwaka wa Hijria kwa ulimwengu mzima wa Kiislamu, sisi tunauita Mfunguo Nne. Maulidi yanasomwa Mfunguo Sita. Hesabu inakwenda hadi Mfunguo Tisa, kisha ndipo tunataja Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa majina yao. Yaani mwaka mzima wa Mswahili unahesabiwa kuanzia siku watu walipofungua, na siku za mfungo wenyewe zinahesabiwa kwa chungu: leo chungu cha ngapi? Zamani kila mji uliutafuta mwezi wake. Lamu ikiuona na Unguja isiuone, habari ilikuja na jahazi baada ya siku nyingi, Idi imekwisha kupita, na hakuna aliyesema umma umegawanyika. Redio ndiyo iliyobadilisha mambo, ikafuata simu, kisha televisheni za satelaiti. Leo tangazo la Riyadh linafika Ng'ambo ya Unguja na Kariakoo kabla ya adhana ya Isha. Umbali uliotuwezesha kutofautiana kwa amani umeondoka, na mahali pake hatujaweka utaratibu wowote wa kutofautiana.

Hoja zenyewe ni za kale. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kisa cha Kuraib, aliyetumwa na Ummul Fadhl kwenda Sham, yaani Syria, kwa mtawala Muawiya. Alipokuwa huko Ramadhani iliingia, na mwezi wakauona usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mfungo, sahaba Ibn Abbas akamuuliza waliuona lini. Akamwambia. Ibn Abbas akasema: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kuraib akauliza kama kuona kwa Muawiya hakumtoshi. Akajibiwa hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Juu ya kisa hiki wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa mwambao wetu, walijenga kauli kwamba kila eneo lina matlai yake, yaani machomozo yake ya mwezi. Wengi wa Hanafi, Maliki na Hanbali wakasema mwezi ukithibiti mahali pamoja unawafunga wote, kwa kuwa Mtume aliposema fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona alikuwa akiuambia umma mzima. Zanzibar hoja hii ya pili ilipata msemaji mwenye nguvu katika marehemu Sheikh Nassor Bachu, na wafuasi wake hawakuwa watu wa fujo kama walivyosemwa na baadhi. Walikuwa wakifuata kauli ya jamhuri ya maulamaa, yaani wengi wao. Anayeifuata leo anastahili kujibiwa kwa hoja, na sheria ya Mufti wa Zanzibar ya mwaka 2001 haiwezi kuwa jibu la swali la fiqhi.

Tuanze basi na hoja yao katika sura yake yenye nguvu kuliko zote, ambayo ajabu ni kwamba haisemwi sana. Makka iko karibu nyuzi 40 mashariki. Mombasa iko karibu nyuzi 40 mashariki. Unguja na Dar es Salaam zinapungukiwa na chini ya nyuzi moja. Saa zetu na za Makka ni moja, na jua linapozama Machi Mombasa na Makka hupishana kwa dakika chache tu. Kama matlai yanahesabiwa kwa mashariki na magharibi, basi Mombasa ina uhusiano wa karibu zaidi na Makka kuliko na Kinshasa. Mtu wa Shafi anayesema Makka ni mbali anapaswa kueleza umbali huo ni wa nini. Lakini hoja hii ina ncha mbili. Tukiwa chini ya anga moja kiasi hicho, mwezi usioweza kuonekana kwetu ni vigumu sana uonekane kwao. Ukaribu unaotutaka tuwafuate ndio huo huo unaotupa haki ya kuuliza waliuonaje.

Hoja dhaifu ndiyo inayosemwa sana: kwamba Mungu ni mmoja, Mtume ni mmoja, Kibla ni kimoja, basi na siku iwe moja, na siku hiyo ni ya Makka. Inagusa moyo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini umoja wa Kibla haukuwahi kuwa umoja wa saa. Muislamu wa Dakar anaswali Magharibi wakati wa Makka wamekwisha kuswali Isha, na hakuna anayeona dini imepasuka. Na Saudi Arabia yenyewe haijatuomba tuifuate. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la nchi hiyo lililijadili suala hili mwaka 1392 Hijria, yaani 1972, likaamua kwamba ni jambo la ijtihadi, yaani la juhudi ya rai ya wanavyuoni, na kila nchi ina haki ya kuchagua kauli inayoiona sawa kupitia wanavyuoni wake. Sheikh Ibn Uthaymin, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana na vijana wetu, aliipa nguvu kauli ya matlai kutofautiana na akawashauri watu wafunge na kufungua pamoja na walio katika nchi yao. Anayesema kufuata Makka ni wajibu anadai jambo ambalo maulamaa wa huko wenyewe hawakulidai. (Siku ya Arafa ina mjadala wake, kwa kuwa imefungamana na mahali na watu waliosimama hapo, na siuingizi hapa.)

Sasa turudi Machi 29. Mwezi ulikutana na jua saa 8 kasoro dakika 2 mchana kwa saa zetu na za Makka. Hakuna anayehitaji kuamini vitabu vya falaki kwa hilo. Waliotazama jua likipatwa waliuona mkutano huo kwa macho yao. Jua likazama Makka baada ya saa 12 na nusu jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa saa zisizofika 5. Rekodi ya mwanadamu kuona mwezi mchanga kwa macho matupu, kwa watu waliobobea na anga safi kabisa, ni takriban saa 15 na nusu. Tena mwezi unahitaji kujitenga na jua kwa karibu nyuzi 7 ndipo uzi wake wa mwanga uanze kuungana, na jioni ile haukuwa umefika hata nusu ya hapo. Aliyesema ameuona huenda ni mtu mkweli, mcha Mungu, mwenye kuswali usiku. Hakuuona mwezi.

Huo si ukosefu wa adabu kwa shahidi. Inasimuliwa katika vitabu vyetu kwamba watu walitoka kutafuta mwezi pamoja na Anas bin Malik, naye amekaribia miaka mia. Anas akasema ameuona, ule pale, na hakuna mwingine aliyeuona. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Akaupangusa, akausawazisha, kisha akamwambia: ewe Abu Hamza (ndiye Anas mwenyewe), tuonyeshe mwezi uko wapi. Anas akatazama akasema siuoni. Huyu ni sahaba wa Mtume, hakuna mwenye uadilifu kumzidi kati ya mashahidi wetu wote, na kadhi hakumkadhibisha wala hakumpokea tu. Alimhoji. Na miaka mia sita na ushee iliyopita, Taqiyuddin as-Subki, imamu mkubwa ndani ya madhehebu yetu ya Shafi, alisema wazi kwamba hesabu ikithibitisha kuwa mwezi hauwezekani kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona unarudishwa, kwa sababu hesabu hiyo ni ya yakini na ushahidi ni wa dhana.

Na kuna jambo la Machi ile ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Ndugu zetu waliofuata Saudi Arabia walianza kufunga Jumamosi, Machi 1. Mwanzo ule ulikuwa na hoja: jioni ya Februari 28 mwezi ulikuwa na umri wa karibu saa 15 jua lilipozama huku kwetu, na kwa darubini kuonekana kuliwezekana. Wengine wakaanza Jumapili kwa kutouona. Tofauti ya siku moja mwanzoni, kila upande una dalili yake. Sasa hesabu nao. Kama ushahidi wa Machi 29 ungerudishwa, walioanza Jumamosi wangetimiza siku 30 Jumapili. Walioanza Jumapili wangekuwa na siku 29 jioni hiyo hiyo, na mwezi wa jioni ya Machi 30 ulikuwa na umri wa zaidi ya saa 24. Wote wangeswali Idi Jumatatu, bega kwa bega. Mfungo ulioanza kwa tofauti ungemalizika kwa Idi moja, bila mtu yeyote kuacha madhehebu yake.

Wapo wanaosema basi twende mbali zaidi, tuache kabisa kutazama, tufuate hesabu kama Uturuki inavyofanya, au kama Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilivyofanya tangu 2006. Ahmad Shakir wa Misri, bingwa wa hadithi, alilitetea jambo hili tangu 1939: kwamba Mtume aliposema sisi ni umma usioandika wala usiohesabu alikuwa akitaja sababu, na sababu ikiondoka hukumu nayo inabadilika. Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Kinachonizuia ni kwamba hesabu haitoi jibu moja. Uturuki nayo ilisherehekea Jumapili ile, kwa hesabu, kwa kuwa kanuni yao inatosheka mwezi ukiweza kuonekana popote duniani, hata Amerika. Malaysia, Indonesia, Brunei na Singapore zinataka mwezi uwe juu ya upeo kwa nyuzi 3 na umejitenga na jua kwa nyuzi 6.4. Yaani bado kuna mtu anayechagua kanuni, na ugomvi unahama kutoka ufukweni kwenda kwenye meza ya kamati. Na kuna kitu kingine kinachopotea. Ibada hii ilifungwa na jicho la mtu wa kawaida, mvuvi na mkulima, ili asihitaji ruhusa ya msomi yeyote kujua mwezi umeingia.

Hapo lazima nigeukie upande wangu mwenyewe, upande wa kuona kwa hapa. Tuna uzembe wetu. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa huelekea baharini kuutafuta mwezi, na bahari yao iko mashariki. Mwezi mchanga unaandama magharibi, jua lilipozama. Forodhani ya Unguja inatazama magharibi, na pwani ya Wete na Mkoani kule Pemba vivyo hivyo. Hizo ndizo sehemu za kuweka watu wenye macho mazuri na waliofundishwa, kila mwezi, wala si Shaabani peke yake, maana jicho lisilouzoea mwezi mchanga huuona hata katika uzi wa wingu. Na miaka ya karibuni Ramadhani imepita katikati ya masika, anga imefunga, mashahidi ni wachache, na tangazo likitoka linasema tu mwezi umeonekana au haujaonekana. Nakumbuka usiku mmoja wa chungu cha ishirini na tisa nyumbani kwetu. Unga wa vitumbua ulikuwa umekwisha kuumuka, nao haungoji kesho. Saa 5 usiku bado hatukujua kama tunakaanga vya Idi au tunapika daku. Tangazo lilipokuja halikuwa na maelezo hata sentensi moja. Kaka yangu mkubwa akalikataa palepale, na asubuhi alikula mbele ya mama aliyefunga. Mama hakusema neno. Alimwekea chai, akatoka jikoni. Kila mmoja wao aliamini mwenzake yuko katika haramu: mmoja anafunga siku ya Idi, mwingine anakula mchana wa Ramadhani. Nimejiuliza mara nyingi kama kaka yangu angelikataa tangazo lililosema: mwezi haukuonekana Unguja wala Pemba kwa sababu ya mawingu, walikuja mashahidi wawili kutoka mahali fulani, wakaulizwa haya, wakajibu haya, na hesabu inakubali au haikubali.

Tangazo la namna hiyo haligharimu kitu. Linahitaji BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), Ofisi ya Mufti wa Zanzibar na Kadhi Mkuu wa Kenya wakubaliane mapema, tuseme Rajabu, juu ya kanuni moja ya kukataa: jioni ambayo mwezi hauwezekani kuonekana katika ukanda huu, hakuna ushahidi utakaopokelewa, uwe wa Tanga au wa Riyadh. Kanuni hiyo haimlazimishi anayefuata kuona kwa kimataifa aache kauli yake. Inamtaka tu asipokee kisichowezekana, na hilo halina madhehebu. Mtume amesema, kama alivyopokea Tirmidhi, kufunga ni siku mnayofunga, na kufungua ni siku mnayofungua. Neno liko kwa wingi. Na mkono wa kwanza unaoumia siku zikigawanyika ni wa masikini, kwa kuwa zaka ya fitri inatakiwa imfikie kabla ya swala ya Idi, na mtaa wenye Idi mbili hugawa mchele wake kwa mafungu mawili, siku mbili, kila kundi likidhani lingine limekwisha kutoa.

Wakati wa kuanza ni huu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kutoka masika na kuingia katika kaskazi, miezi ya Januari na Februari ambapo anga yetu huwa safi jioni. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Mashahidi wataongezeka, wa kweli na waliokosea. Kadhi atakayekaa nao hahitaji zaidi ya maswali machache. Jua lilikuwa limezama au bado? Uliuona kushoto au kulia kwa pale lilipozamia? Uliona kwa muda gani kabla haujatua? Na ncha zake zilielekea wapi? Huku kwetu karibu na Ikweta mwezi mchanga hulala chali kama dau, ncha zake juu. Akisema ulikuwa umesimama wima kama unavyochorwa juu ya minara, amshukuru kwa kuja, amwombee dua, na awaambie watu watimize thelathini.